Kivuli Nilichokifyeka

Semeni mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako mdogo kwenda Manundu kununua ndoo, chandarua na kufuli la sanduku. Nimewasikia mkicheka hadi mlipovuka reli ya troli, kisha sauti zenu zikazama kwenye mkonge. Nimekaa barazani kwenye kigoda cha mama yako, na karatasi hizi nimezitoa kwenye daftari lako la kidato cha nne. Usiucheke mwandiko. Mkono huu umezoea panga na filimbi kuliko kalamu, na shule yangu iliishia darasa la saba hapa hapa kambini.

Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitaziandika. Mama mdogo Fatu amezianza tangu aliposhuka kwenye gari la Handeni, na hatazimaliza mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja tu. Kesho unakwenda Morogoro kusomea mimea na wanyama, na unaondoka ukiamini kwamba baba yako amepata mwanamke.

Uliniuliza jikoni, ukichochea moto bila kuniangalia.

"Baba, kama yuko mtu, sema tu. Mimi si mtoto."

Nikakuambia hayuko.

"Basi kila Jumapili unakwenda wapi?"

"Natembea."

"Wewe, baba? Unatembea?"

Ukacheka lile cheko fupi la mama yako, la puani, ukarudi kwenye mboga yako. Tangu siku hiyo unaniamkia, unanipa chakula, unanifulia, lakini hunisimulii kitu. Mashati yangu yanarudi yamechanika mabegani na wewe unayashona kimya, kama mtu anayetunza ushahidi. Juzi nilimsikia mama mdogo anakunong'oneza habari za mjane fulani wa Manundu mwenye genge la nyanya. Sijawahi kununua hata nyanya moja kwa mama yule, lakini sasa nikipita mbele ya genge lake naona aibu bila sababu.

Hayuko mtu, Semeni. Ila sikukuambia kweli yote, na kilichonizuia ni wivu. Nimekuonea wivu wewe, mwanangu, kwa muda mrefu. Najua mzazi hapaswi kumwonea wivu mtoto wake, tena kwa ajili ya mke wake mwenyewe. Nimekuonea hata hivyo, na leo bado ninao. Nataka uondoke ukiujua, kuliko uondoke na mjane wa nyanya.

Nianzie mbali kidogo. Wewe umeikuta nyumba ya meneja pale kilimani ikiwa gofu. Mimi niliikuta ina mabati yanayong'aa, bustani inayomwagiliwa na mbwa wakubwa wenye bakuli zao. Babu yako alikuja na treni kutoka Unyamwezi akiwa manamba, kukata mkonge, na sisi watoto wa kambi tulikuwa na mpaka wetu. Mpaka ulikuwa ile safu ya mitiki. Ukivuka mitiki, askari wa shamba anakufukuza, na jioni baba yako anaitwa ofisini. Niliivuka siku moja kufuata matopetope. Babu yako aliitwa, akarudi, akanichapa, na alipomaliza nikaona ni yeye anayelia.

Nilipokuwa mtu mzima meneja wa mwisho aliondoka, mbwa wakafa, mabati yakang'olewa kidogo kidogo na watu tunaowajua. Kazi ikabaki kwenye vitalu vya chini, ambako mpaka leo mimi ni nyapara wa wafyekaji. Kilima na bustani yake, mfereji wa maji, na korona ya zamani walikokuwa wakisaga majani ya mkonge, vyote vikaachiwa msitu. Hakukuwa na askari tena. Lakini mimi nikifika kwenye mitiki miguu ilikuwa inasimama yenyewe.

Mama yako alitoka Chanika. Yeye hakuwa na mitiki miguuni.

Ulikuwa bado wa mgongoni siku kuku wetu mwekundu alipopotea. Mama yako alimfuata hadi kilimani bila kumuuliza mtu, akamkuta amelalia mayai chini ya ngazi za meneja, na kenge mrefu kama ubao wa kitanda amejilaza pembeni anasubiri ainuke. Alirudi na kuku kwapani na wewe mgongoni, mmejaa majani kichwani, akaniambia, "Baba Semeni, kule juu kuna watu wengi kuliko kambini." Nilishtuka nikidhani ni wavamizi. Kumbe alikuwa anasema mbega.

Ndipo Jumapili zenu zilipoanza. Akishafua na kuanika, anajifunga kanga, anakushika mkono, mnapotea. Mnarudi jua limelala na unyoya wa hondohondo, au gamba la konokono, au hamna kitu ila macho yenu yamejaa. Mkikaa kula mlikuwa mkizungumza nusunusu. Wewe unasema, "Yule wa leo." Yeye anauliza, "Wa kwenye mianzi?" Unajibu, "Ee, na mtoto wake." Mimi nauliza ni nani huyo. Mnageuka wote wawili, na wewe unasema, "Kima, baba," kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Nilikuwa na sehemu yangu moja tu katika safari zile, na sidhani kama uliwahi kuiona. Jioni, wewe ukiwa umelala, mama yako alikuwa akinyoosha miguu hapa barazani, nami namchambua vishonanguo kwenye kanga. Alikuwa havitoi mwenyewe. Nikajifunza kusoma. Zile sindano nyeusi zenye meno mawili, mmepita reli ya troli. Vile vidonge vya mviringo vyenye ndoano, mmekatiza njia ya ng'ombe wa Wamaasai. Nyuzi nyeupe za sufi, mmekaa chini ya ule msufi wa uani kwa meneja. Na zile mbegu bapa za kijani zinazonata kama ulimi, mmeshuka mferejini. Nilikuwa nazijua safari zenu zote kwa kidole. Sikumwambia. Nikimaliza nazikusanya kiganjani, nazitupa nje ya uzio, na ndiyo maana uzio wetu umezungukwa na magugu ambayo kila mwaka unaniuliza yametoka wapi.

Utasema, mbona hukuja tu? Hakuna aliyekukataza. Ni kweli. Mimi nilikuwa nasubiri kuitwa. Nyumbani kwetu mtu huwezi kujipeleka kwenye jambo la mwingine, unasubiri ukaribishwe. Mama yako alilelewa kinyume. Kwao anayetaka kuja huja, na asiyekuja hasumbuliwi, pengine hataki. Kwa hiyo yeye aliniheshimu kwa kuniacha, na mimi nilimheshimu kwa kukaa nyumbani, tukaheshimiana hivyo mpaka wewe ukawa sekondari. Huko unakokwenda utakutana na watu wa kila namna ya adabu. Mtu akikaa pembeni, usiwe mwepesi kudhani hataki.

Alinitania, lakini. Unajua mimi na yeye tulikuwa watani kabla hatujawa mume na mke, Mnyamwezi na Mzigua, na utani haukuisha kwa ndoa. Siku moja mlirudi mmemkuta hondohondo jike amejifungia ndani ya tundu la mti, amepiga udongo mlangoni, na dume yuko nje anampelekea matunda kwa kitundu kidogo. Wewe ulinisimulia huku unaruka. Mama yako akasema akiwa anapakua wali, "Kama baba yako. Kulisha anajua sana, kuingia hajui." Mlicheka hadi ukapaliwa. Nami nilicheka. Kisha niliikumbuka ile kauli shambani kwa wiki nzima, nikawa mkali kwa vijana wa watu bila kosa.

Sasa niseme la yale maua. Hili ulikuwepo, lakini uliliona kutoka upande wako.

Siku mliyoyaona mara ya kwanza nilijua kuna jambo, kwa sababu mlirudi mmenyamaza. Ulikuwa umelificha moja kiganjani. Ua dogo la zambarau, katikati tone la njano, na jani lake lina manyoya laini kama sikio la mwanambuzi. Mama yako alipoliona akakugombeza, "Nilikuambia tuyaangalie, hukusikia?" Ndiyo mara pekee niliyomsikia akikugombeza kwa ajili ya jani. Ukaniambia yanaota kwenye jiwe moja tu, nyuma ya nyumba ya meneja, juu ya mfereji, ambapo mitambaa, ile mimea ya kutambaa, imefunika na maji yanadondoka mwaka mzima. Mama yako alikuwa na jina lake, alilisikia kwa bibi yake. Baadaye wewe ukaleta jina la kitabu kutoka kwa mwalimu wa baolojia. Mlikuwa mkiyataja majina yote mawili mkiwa mnaosha vyombo. Mimi sikuambiwa hata moja, au niliambiwa kwa haraka nikaona haya kuuliza tena. Kichwani mwangu niliyaita ya zambarau, basi.

Halafu ukaja ule mwaka mama yako alipoanza kuchoka. Hatukujua bado ni ugonjwa. Nilimwona anarudi Jumapili amekuegemea, anahema, kanga imejaa mbegu hadi kifuani kwa jinsi majani yalivyopanda baada ya mvua. Nilimchambua jioni ile na moyo ukaniuma. Nikasema, hili nalo nitalitenda. Hili naliweza.

Wewe umekulia hapa, unajua mtu wa mkonge anavyopenda. Shamba likipendwa linafyekwa. Ukitaka kumheshimu mgeni unafyeka njia. Hata makaburi yetu, ndugu wakija, kitu cha kwanza wanachoangalia ni kama yamefyekwa. Kwa hiyo Jumamosi nikachukua vijana wangu baada ya kazi, nikavuka mitiki kwa mara ya kwanza tangu utoto, na tukafyeka. Sikuvuka kwa ushujaa, nilivuka kwa sababu nilikuwa na panga mkononi na watu nyuma yangu. Tulitoa njia pana ya kupita trekta kutoka relini hadi mferejini. Na tulipofika kwenye jiwe niliona mitambaa imelizonga, imelifunika gizani, nikawaambia vijana walisafishe vizuri, lipate hewa. Maua niliyaona. Niliyahurumia kwa kukaa gizani. Niliacha yote bila kuyagusa hata moja, nikajisifu kwa hilo.

Usiku ule nilikuwa kama bwana harusi. Asubuhi nikavaa shati jeupe, nikasema, "Leo nakuja nanyi." Unakumbuka mlivyotazamana? Mimi nilidhani ni furaha.

Tulipofika, jua lilikuwa limelipiga lile jiwe kama uwanja wa mpira. Wewe ukasema, "Baba, umefanya nini?" Mama yako akakufinya mkono. Akalizunguka jiwe polepole, akaweka kiganja juu yake kama anavyompima mtoto homa, kisha akanigeukia na kusema, "Njia nzuri. Nimetembea bila kuchoka." Hakusema neno lingine, siku ile wala baadaye. Kiangazi kilipoingia, majani yale ya sikio la mbuzi yakajikunja kama karatasi. Hamkuniambia. Nilijua kwa kanga, maana zile mbegu za mferejini hazikuonekana tena.

Wewe ulinikasirikia na ulikuwa na haki. Lakini ulidhani nilifyeka kwa ujinga. Ujinga ulikuwepo. Nyuma yake kulikuwa na mtu aliyetaka kuingia mahali penu, na akaingia kwa njia pekee aliyofundishwa. Nimefikiri sana tangu hapo. Ukikuta mtu ana kitu anachokipenda, na wewe hukijui, kabla ya kukitengeneza muulize kinaishije. Mimi sikuuliza, nikakitengeneza.

Alipolazwa mara ya mwisho, wewe ulikuwa umekwenda kutafuta uji. Alikuwa amefumba macho, nikadhani kalala. Akasema, "Baba Semeni, siku moja nenda kule juu. Usiende na panga. Nenda mikono mitupu." Nikamwambia nitakwenda. Akasema, "Mikono mitupu," mara ya pili, kama mtu anayemkumbusha mtoto chumvi dukani. Wewe ukaingia na uji.

Sikukuambia. Ulikuwa wa kwanza kwa kila kitu chake, Semeni. Wewe ndiye uliyejua ni mto upi anautaka kichwani, wewe ndiye aliyekutania kuhusu manesi. Mwaliko ule ulikuwa wa kwanza alionipa mimi peke yangu, kwa miaka yote ile, nikaukumbatia.

Na kwenye msiba kumbuka alivyofanya Mzee Kashindye. Mtani wake halali, Mnyamwezi mwenzangu, tumefyeka wote tangu ujana. Wanawake wakiwa katika kulia akatokea amejifunga kanga ya marehemu, ameinama, anapekua majani uani, anaita kwa sauti ile ile, "Semeni, njoo uone! Usikanyage, mwenzio amelala!" Kila mtu akaangua kicheko kwenye machozi. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, na kicheko hicho ndicho kilikuwa chakula chako cha kwanza siku ile. Mtu akauliza, na mumewe je? Kashindye akajibu bila kuinuka, "Mwacheni, yuko nyumbani anangoja kuitwa."

Nilicheka. Watani wana haki yao na msiba bila wao ni mzito. Lakini moyoni nilimwonea wivu hata Kashindye. Aliujua mwinamo wa mke wangu porini. Aliwahi kuwaona kwa mbali akitoka kuwinda kanga. Mimi niliujua kwa mbegu tu.

Arobaini ilipopita nikaanza kwenda. Ndiko ninakokwenda Jumapili.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Bila panga sijui mikono iwekwe wapi. Nilikuwa napita kwenye miiba kama gunia, ndiyo yale mashati. Nilikaa juu ya siafu. Digidigi aliruka miguuni pangu nikapiga yowe ambalo namshukuru Mungu halikusikiwa na mtani yeyote. Kima walinikusanyikia juu na kunitupia maganda. Kisha siku moja nilichoka, nikakaa chini ya msufi bila kufanya kitu, na baada ya muda wale kima wakaendelea na maisha yao kama vile nimetoka. Nikaelewa kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo. Nimekuwa nyapara miaka mingi, na sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile ya kukaa.

Nimemwona hondohondo. Tundu ni lile lile, kwenye mkuyu wenye tumbo. Dume alikuja na tunda, akaligeuzageuza mdomoni, akalipitisha, likapokelewa. Akaondoka, akarudi. Akaondoka, akarudi. Nilimtazama mpaka shingo ikakakamaa. Sasa sijui tena kama mama yako siku ile alinisema au alinisifu. Wewe ungeweza kuniambia. Ulimwona uso alipokuwa akipakua.

Jiwe nalo nimelitembelea. Mitambaa imeanza kurudi, imefika nusu. Maua hapana. Nilikuwa nalipitia kila Jumapili kama mtu anayepita kaburini.

Halafu, siku chache kabla hujaniuliza lile swali jikoni, nikayaona mahali pengine.

Ndiyo hayo hayo. Zambarau, tone la njano, sikio la mwanambuzi. Si kwenye jiwe lile wala karibu nalo. Yako mahali ambapo wewe na mama yako hamkuwahi kufika, nina hakika, kwa sababu mbegu za njia ya kwenda huko sikuwahi kuzitoa kwenye kanga. Nilipiga magoti. Nilirudisha mikono nyuma nikaishika, mmoja kwa mwingine, nisije nikasafisha kitu. Nikatazama vya kutosha. Kisha nikageuka nyuma nimwite mtu.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini mlikuwa mnakwenda wawili.

Nilishuka mbio kuja kukuambia, uzee huu. Nikafika uani. Ulikuwa umeketi hapa hapa, unaongea na rafiki yako kwenye simu, unamweleza jinsi kinyonga anavyolala, na sauti yako ilikuwa ya mama yako kabisa, hata kule kunyamaza kidogo kabla ya jambo tamu. Nikasimama nyuma ya uzio. Nikawaza, huyu amepata yote. Sauti, cheko, majina mawili, Jumapili zote. Sasa anakwenda Morogoro, na kule mtu asiyemjua hata marehemu atamwuliza, hiki ni nini, naye atamjibu kwa kinywa cha mke wangu, bure. Nikasema, hili moja litakuwa langu. Nikarudi hadi relini, nikakaa kwenye chuma, nikachambua shati mbegu moja moja ili usije ukanisoma. Ndiyo maana ukaona shati limechanika lakini safi. Nilivyokuwa najificha, nadhani hata mimi ningemshuku mwanamume yule.

Nikuambie jambo la aibu zaidi. Uliponuna, nilifurahi kidogo. Nikasema, kumbe naye anauonja wivu.

Sipendi uondoke hivyo. Wivu nimeujua vizuri, mwanangu, na sitakuambia uuache, maana sikufanikiwa. Nimeona tu kwamba ukikaa nao kimya unakufanya uwe mgeni ndani ya nyumba yako. Ungenipata mapema kama ningesema kwa kinywa, "Nami nataka kuja." Maneno matatu. Mama yako angesogea nipite.

Barua hii nitakupa mkononi stendi kesho. Usiisome mbele ya mama mdogo Fatu, ataanza kulia, kisha itafika Chanika kabla basi lako halijafika Morogoro.

Na chini kabisa ya sanduku, chini ya vitenge, nimeweka shati langu la Jumapili iliyopita. Usilifue. Safari hii sikulichambua. Lina sindano za relini, lina sufi kidogo begani, lina zile bapa zinazonata, na lina mbegu nyingine ya kahawia, ndogo, yenye mkia, ambayo mimi siijui na wewe bila shaka unaijua. Kuna pia doa la grisi kuukuu ya mashine kwenye kiwiko. Mahali penyewe siandiki. Wivu wangu haujaisha kiasi hicho.

Lisome wewe. Ukidhani umepajua, njoo likizo. Utatangulia mbele, mimi nitafuata nyuma mikono mitupu, na ukikosea njia nitacheka tu kimoyomoyo. Tukifika tutakaa chini, mbali kidogo, tusiyazibie mwanga wala tusiyaondolee kivuli.

Halafu nitakuuliza yanaitwaje, Semeni. Uniambie polepole, majina yote mawili, la kitabu na la mama yako, mpaka niyashike.

Baba yako